Mtori wa Jumatatu ya Pasaka

Kilema, 14 Januari 2024

Mwanangu Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku nyumbani tu wazima. Mama yako mdogo Gladys mzima, ng'ombe mzima, migomba imesimama ingawa upepo ulilaza mishare kadhaa ya ndizi za mtori kule mteremkoni. Wachagga wa mjini wamesharudi mjini na magari yao, wametuachia mifupa ya mbuzi na chupa tupu. Wewe hukuja tena Desemba hii. Marehemu kaka yangu, baba yako, angekuwepo angeuliza. Mimi siulizi.

Utashangaa kuletewa barua na Eliakim kondakta wa basi, kama vile tumerudi enzi za Mjerumani. Sababu ni simu yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya lile jiwe natafuta mtandao, mbega akashuka mtini, mkubwa, mwenye ndevu nyeupe kama padri mstaafu, akainyakua. Nikamfukuza mpaka kwenye mpaka wa msitu. Aligeuka mara moja tu kunitazama, akaiweka sikioni. Simu ya mama yako mdogo ipo, ila haya ninayoandika hayafai kupita kwenye simu ya mke.

Ni habari ya mdogo wako Aristides. Unajua alikuwa anaendesha Fuso pale Himo, vitunguu na nyanya hadi huko kwenu Dar. Akaanza kutafuna mirungi, akasema ni ya kufukuza usingizi barabarani. Nikamwacha. Hata mimi nilipokuwa mpagazi mlimani nilifukuza usingizi, ila kwa kuimba. Sasa Fuso wamemnyang'anya, mirungi yenyewe haimtoshi tena, amehamia kwenye vipande vyeupe kama chumvi ya mawe. Anavichoma ndani ya glopu iliyovunjika na kuvuta ule moshi.

Lukresia, namwonea kinyaa mtoto niliyemzaa. Mate yake ya kijani yako kwenye ukuta wa jiko, yako kwenye mafiga, yako kwenye shina la kahawa aliyoipanda babu yako. Meno yamekuwa kama mbao za choo. Anajikuna mpaka ngozi inatoka, halafu anaitazama ile ngozi kwenye kucha kama mtu aliyeokota kitu cha maana. Ananuka plastiki iliyoungua. Nikikaa naye meza moja naacha chakula, kwa hiyo nimeamua sahani yake ipelekwe kule kwenye banda la ndama, na anayempelekea ni mama yake. Toka Oktoba sijampa kitu kwa mkono wangu wala kupokea cha kwake.

Usidhani nimeshindwa. Mimi ndiye niliyemshusha Mzungu mgonjwa kutoka Kibo nimembeba mgongoni, mkono wa kulia nimeshika jiko linawaka, na tulipofika Horombo chai ilikuwa imeiva. Mtoto mmoja hawezi kunishinda. Nimempata bwana mmoja kule mjini, Majengo, anaitwa Dokta, anauza mafuta ya bangi. Anasema yanaosha ubongo wa mtu aliyeharibiwa na hivi vitu vya kuchangamsha. Ndiyo nikakukumbuka wewe uliyesomea madawa mpaka chuo kikuu. Niambie: bangi ikiingia kwenye ubongo wa mtu wa mirungi inafanya nini? Na kama maabara yenu ina ile iliyo bora, nifungie kidogo umpe Eliakim. Mwezi mmoja unanitosha kumnyoosha.

Mama yako mdogo asijue nimekuandikia.

Mimi baba yako mdogo,
Primus, mwenyekiti wa mfongo


Dar es Salaam, 2 Februari 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Nashukuru kusikia hamjambo. Mimi niko salama, joto ndilo linatuua. Nilishindwa kuja Krismasi kwa sababu panya wetu wa utafiti hawajui sikukuu, lazima mtu awepo awapime na kuwasafishia. Nanuka panya mpaka kwenye nywele. Kazini tukila, hatukai karibu na watu wa idara nyingine, wanatukimbia, nami siwalaumu.

Swali lako ni la maana kuliko ulivyodhani. Nitakujibu kwa kitu unachokijua kuliko mimi.

Kichwani mwa mtu kuna mfongo, mfereji kama huo wenu wa kumwagilia. Badala ya maji unapitisha kemikali inayoitwa dopamini. Ukila ukashiba, ukisalimiwa vizuri, ukimaliza kazi, kilango kinafunguliwa kidogo, unapata furaha ya kukutosha, kinafungwa. Kila kitu kina zamu yake. Mirungi inavunja kilango. Vile vipande vyeupe vinabomoa ukingo mzima, maji ya wiki yanakuja asubuhi moja. Mgomba uliofurikiwa unafanyaje? Unaoza mizizi. Ubongo nao, kujiokoa, unaziba mifereji yake midogo. Baadaye maji ya kawaida yakija hayafiki popote. Chakula hakina ladha, mama akimwita hasikii kitu, kilichobaki ni kutafuta mafuriko mengine. Ndivyo alivyo Aristides sasa. Siyo kiburi chake.

Bangi ina vitu vingi ndani, viwili ndivyo vikubwa. Cha kwanza, THC, ndicho kinacholevya. Hicho kinamlaza mlinzi wa kilango, kwa hiyo nacho kinaongeza maji, na mtu ambaye tayari ubongo wake umechubuka kinaweza kumtia wazimu wa kuona watu wasiokuwepo. Cha pili, CBD, hakilevyi. Hicho ndicho tunachowapa panya wetu. Panya aliyezoeshwa kokeini, ukimrudisha kwenye kona alikokuwa anaipata, anatetemeka kwa hamu. Baadhi yao wakipewa CBD hamu inapungua, na hofu inapungua. Inaonekana kinatuliza sehemu nyingine za ubongo, siyo kilango chenyewe. Lakini hao ni panya. Nimesoma jaribio la watu waliokuwa wanaacha kokeini, waliopewa CBD walirudia sawasawa na waliopewa kidonge kitupu. Kwa mirungi sijaona aliyejaribu. Kwa hiyo sina cha kukufungia, na hata ningekuwa nacho nisingekifunga.

Huyo wa Majengo mwache. Tuliwahi kuletewa chupa ya mafuta ya namna hiyo tuipime. Yalikuwa mafuta ya kupikia yaliyochacha, yametiwa rangi ya majani, na nzi ndani. Aliyeyaleta alikuwa amempa mkewe akiwa mgonjwa. Nilitapika siku ile, na mimi si mtu wa kutapika.

Mlete Aristides huku. Kuna nyumba ya watu wanaoacha, naifahamu. Anakula? Analala? Na ile sahani ya bandani, Baba mdogo, naomba irudi mezani.

Mbega hali simu wala hazipigi.

Mwanao,
Lukresia


Kilema, 10 Machi 2024

Mwanangu Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua zimeanza kunukia. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha, mmoja ana uso wa diwani wetu, watu wanakuja kumtazama. Mama yako mdogo anakusalimu, nimemwambia nimeota ndoto yako.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema kichwa changu kingenifikisha mbali, ni viatu tu vilikosekana. Habari ya mfongo umeeleza vizuri, ila ulisahau kusema mfongo unahitaji mwenyekiti. Nilimfuata yule Dokta wa Majengo. Yuko nyuma ya duka la kushona, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nikamwambia, "Dokta, mafuta yako yana vitu vingapi ndani?"

"Yana nguvu, mzee wangu."

"Nguvu siyo kitu, ni hali. Nauliza vitu. Kipo kinacholevya na kipo kisicholevya. Wewe unauza kipi?"

Akacheka, jino moja tu. "Mzee, wewe mpe kijana anywe, maswali mwachie Mungu."

"Mungu ndiye amenituma kukuuliza."

"Basi mwambie nimekusalimu."

Nikafungua chupa nikanusa. Mwanangu, ni yale uliyosema. Harufu ya karai la chipsi la jana, na chini kuna kitu kimelala kama kamasi. Nikamimina yote kwenye kandambili zake. Watu wa Majengo walipiga makofi mpaka muadhini akatoka kutazama.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo utajua ukoo wetu haukosi akili. Umesema bangi ina viwili, kibaya na kizuri, vimechanganyika. Mtu anayejua kutenganisha vilivyochanganyika ni nani? Ni mtu wa mbege. Ndizi mbivu unachemsha, unaacha itulie, unachuja, machicha yanakwenda kwa ng'ombe, maji yanakwenda kwa watu. Kibaya kinazama, kizuri kinabaki juu. Babu yangu alikuwa anachuja mbege safi hivi kwamba unaona sarafu chini ya pipa na kusoma mwaka wake.

Kwa hiyo nimetafuta bangi yenyewe, jani zima, kwa mtu nisiyemtaja. Nimeichemsha kwenye sufuria ya mbege, nikaweka samli ya ng'ombe wangu kwa sababu Dokta alisema lazima mafuta. Imetulia. Juu imekaa rangi ya dhahabu, nzuri kuitazama. Chini kuna tope la kuchukiza, la kijani nyeusi, linanuka kama beberu aliyelowa. Ni dhahiri ubaya wote umelala chini. Nitachota ya juu tu. Chumba kizima kinanuka, kuku wamehama.

Kumleta Dar siwezi. Watu watasema Primus amemtupa mwanawe mjini kama nguo. Nitamponya hapa hapa, kwenye kihamba, shamba la baba yake, na wewe utakuja na wazungu wako kuandika.

Habari ya sahani nimeiona.

Mimi baba yako mdogo,
Primus, fundi wa kuchuja


Dar es Salaam, 18 Machi 2024

Shikamoo Baba mdogo.

Usimpe. Naandika nimesimama, Eliakim ananisubiri.

Bangi siyo mbege. Vitu vile viwili vyote vinakaa kwenye mafuta, haviachani kwa kutulia wala kwa kitambaa. Maabara ina mashine za kuvitenganisha na bado tunakosea. Hiyo dhahabu iliyo juu ndiyo yenyewe inayolevya, imejikusanya yote kwenye samli. Na moto ndio uliiamsha, jani bichi lisingekuwa na ukali huo. Umetengeneza sumu kali kuliko ya yule wa Majengo, maana yake ilikuwa mafuta machafu tu.

Imwage mbali na maji. Siyo kwenye mfongo. Nakuomba kwa jina la baba yangu.

Lukresia


Kilema, 16 Aprili 2024

Mwanangu Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Pasaka ilikuwa njema huko kwenu. Barua yako ya Machi imenifikia baada ya sikukuu. Basi la Eliakim liliharibika huko Same, likakaa gereji, na yeye akakaa nalo, kwa hiyo usimlaumu mtu.

Mvua ni nyingi. Mfongo umebeba mawe, nimeshinda huko na vijana kuziba kingo. Niliinua jiwe moja ambalo wanne walishindwa. Kwa nini nakueleza mambo ya jiwe, sijui.

Ng'ombe aliugua. Nataka nikueleze habari ya ng'ombe. Yale machicha, unajua kawaida yetu, machicha hayatupwi, nilimwekea kwenye hori lake kama machicha ya mbege. Alikula yote akalamba na mbao. Baadaye miguu ya mbele ikaenda Himo na ya nyuma ikaenda Marangu. Akalala kwenye mavi yake mwenyewe, akatoa ulimi, ute unamtoka kama kamba, mrefu mpaka chini, na macho mekundu yananitazama kama ananidai maelezo. Sijawahi kuona kitu cha kuchefua namna ile. Kesho yake nikamkamua. Akina mama wa pale tunapopeleka maziwa wakanusa debe langu wakarudi nyuma.

"Baba Aristides, leo ng'ombe wako amekula nini?"

"Majani."

"Majani ya nani?"

Wakayamwaga shimoni mbele yangu. Kikombe kimoja nilikuwa nimeshakinywa nyumbani. Nilikaa chini ya kihenge mpaka jioni, nikawa nazisikia ndevu zangu zinaota.

Ng'ombe sasa anasimama. Anakula kidogo.

Aristides hajambo. Yuko kule Kwa Sadala, kwa rafiki yake, amekwenda kupumzika kidogo. Mama yako mdogo kichwa kinamuuma tu, hasemi sana siku hizi.

Ile simu, nadhani niliwahi kukuambia, ilidondoka kwenye mfongo.

Primus


Dar es Salaam, 5 Mei 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Nashukuru kwa habari za ng'ombe. Nilisoma barua yako mara mbili nikitafuta mtu ndani yake.

Mama mdogo alinipigia simu Jumatano ile baada ya Pasaka, analia mpaka sauti imekauka. Kwa hiyo ninayajua. Jumatatu ya Pasaka ulipika mtori mwenyewe, wewe ambaye hata chai unapikiwa. Ukaweka nyama ya ng'ombe na kijiko cha ile dhahabu yako, halafu kingine. Ukamwita Aristides kutoka bandani, ukamkalisha mezani, ukampa bakuli kwa mkono wako. Akala. Akaomba tena, ukampa tena. Mama mdogo alisema alifurahi akatoka nje ili mwanawe asimwone analia.

Halafu Aristides akaanza kuona watu migombani. Akasema wana mapanga, wamevaa nguo za mazishi. Akatapika kwenye kitambaa cha meza cha Pasaka, akaingia chini ya kitanda chako, akajisaidia humo humo kwa hofu. Na wewe ukasimama mlangoni umeziba pua. Mama mdogo hakukusingizia. Alisema, "Baba yake aliziba pua." Ndipo Aristides akakupita akakimbia, bila viatu, kuelekea barabarani.

Hayuko Kwa Sadala. Yuko hapa Dar. Madereva wenzake wa zamani walimbeba kwenye vitunguu. Nilimkuta kwenye ngazi za ofisi yetu, midomo imepasuka, mlinzi amemfunika gazeti kwa sababu ya nzi. Mimi ninayeshika mavi ya panya kila siku nilishindwa kupumua karibu naye. Nakuambia ili ujue kwamba kinyaa nakifahamu, hukukianzisha wewe. Nilimwosha.

Alinikataza nisikwambie. Leo ameniruhusu, baada ya kuona barua yako inasema yuko Kwa Sadala. Alicheka kidogo.

Yuko kwenye ile nyumba niliyokuambia. Wanakula pamoja, wanafua, wanalima mchicha, wanakaa duara na kusemezana. Kwa uraibu wa namna yake hakuna kidonge chenye uhakika, hata sisi na panya wetu bado tunapapasa. Mifereji inajizibua yenyewe, polepole, kama mtu akipata usingizi, chakula, na watu wasiomtenga. Analala sasa. Wiki jana aliruka ukuta akarudi akiwa amevuta. Walimpokea. Ndivyo ilivyo.

Nilimuuliza kwa nini aliomba bakuli la pili, mtori ule lazima ulikuwa mchungu. Nakuandikia alivyosema, sikuongeza neno: "Ulikuwa unanuka beberu, dada. Lakini mzee alinipa kwa mkono wake. Nikajua amenisamehe. Ningekula hata sufuria. Kumbe alikuwa ananijaribia dawa."

Hataki kukuona. Sitamlazimisha.

Lukresia


Kilema, 28 Julai 2024

Mwanangu Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa kujibu. Nilitaka kukuambia kwamba chui aliingia kijijini nikawa namlinda asile watoto, na nilikuwa nimeshaandika ukurasa mzima wa huyo chui, mzuri sana, ana kilema cha mguu. Mama yako mdogo akausoma akanirudishia.

Yeye mzima. Sasa anajua nakuandikia. Kahawa inaiva, wachumaji hawatoshi. Ng'ombe amepona kabisa, maziwa yanapokelewa, ila wale akina mama bado wananusa kwanza.

Sufuria nimeifukia. Niliisugua na majivu, nikasugua na mchanga, harufu haitoki. Nimeifukia mbali na mfongo kama ulivyosema. Bado nainusa. Nikipita jikoni nainusa, nikifungua kabati la nguo za kanisani nainusa. Juzi kulikuwa na ubatizo kwa Sirili jirani yetu, wakaleta mtori, bakuli safi kabisa, ndizi imepondwa laini, nikautazama mara moja tu. Nikatoka nje nikatapikia migombani mwa watu, mbele ya katekista. Mimi. Watu wakasema Primus amezeeka. Sijala mtori toka siku ile, wala sidhani nitakula tena.

Ile simu aliiuza Aristides, Oktoba. Niliiona mwenyewe Himo, kwenye meza ya kijana anayeuza simu za mkononi zilizotumika, ina picha ya mama yako mdogo bado. Nikapita. Nikarudi nyumbani nikasema mbega.

Mlango wa chumba changu usiku huwa naufungua, nasikiliza barabarani kama kuna mtu anarudi. Hapana, hilo liache.

Eliakim atakupa kifurushi kimefungwa kwa ganda la mgomba. Nimemwambia asikiweke kwenye buti, kuna dagaa humo, akipakate. Ukifungua utakuta isale. Nimelikata pale kwenye kaburi la babu yenu, nimeliacha na kishina chake, jani la juu nimelifunga fundo mwenyewe kama inavyotakiwa. Unajua sisi mtu akikuletea isale kuomba msamaha humkatalii, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako. Wazee walikuwa wanaogopa kulikataa kuliko kuogopa risasi. Kawaida ni mdogo kumpelekea mkubwa. Sijawahi kusikia baba akimpelekea mwanawe. Nimewauliza wazee wawili, mmoja akasema haipo, mwingine akanikatia kipande cha nyama.

Mwambie. Hapana, usimwambie kitu. Mpe tu.

Primus


Dar es Salaam, 19 Agosti 2024

Shikamoo Baba mdogo.

Isale lilifika likiwa bichi. Eliakim alilipakata njia nzima, abiria wakamuuliza kama anakwenda kuposa.

Nililipeleka siku hiyo hiyo. Aristides alikuwa anapalilia mchicha. Alilitambua kabla sijafungua, kwa harufu ya ganda la mgomba. Aliliangalia fundo muda mrefu akasema, "Hili amefunga mwenyewe, hajui kufunga." Akaenda zake nalo. Sikujua kama amelipokea au amelichukua tu.

Jana nimekwenda tena. Lipo mlangoni pa chumba chao, kwenye kopo la maziwa ya unga, amelipanda. Wenzake wanadhani ni ua. Mmoja alizimia sigara kwenye udongo wake, Aristides akataka kupigana, wakawatenganisha. Meno bado mabaya, mikono imepona, yamebaki makovu tu. Hajavuta toka Juni, na haniambii kwamba ameshinda, wala mimi siulizi.

Wakati naondoka akanisindikiza mpaka getini, akaniambia niandike hivi:

"Mwambie mzee Desemba nitapanda na Wachagga wenzangu wa mjini kuja nyumbani, kama nitakuwa bado mzima. Mtori nitapika mimi. Nitampa kwa mkono wangu. Ale wa kwanza, mbele ya mama, na asiniulize nimeweka nini ndani."

Nikamwambia mzee hawezi tena mtori, anatapika akiuona. Akasema, "Najua. Uliniambia."

Lukresia


Kilema, 1 Septemba 2024

Mwanangu Lukresia,

Tumsifu Yesu Kristo. Wote wazima. Kwenye ile mishare ya mteremkoni nimechagua mkungu mmoja wa mtori wake, nimeuwekea nguzo usianguke kabla ya Desemba. Sahani ya bandani nimeivunja.

Mwambie nitakula.

Primus